Nani Analipia Mafuta ya Gari la Matangazo?

    

Leo tunazungumzia pesa katika siasa. Najua kuna mtu ameshasema, "Ah, rushwa tena, hiyo tumeisikia." Ngoja kidogo, usihamishe stesheni. Sikuja kuhubiri. Nina swali moja tu, na tutalizunguka mpaka muda wetu uishe. Gari la matangazo linapopita kijijini kwako wakati wa kampeni, spika mbili juu, muziki unapiga, vijana nyuma wamevaa fulana mpya zenye picha, ni nani amelipia mafuta?

Umewahi kujiuliza? Wengi wetu hatujiulizi. Tunatoka nje, watoto wanalikimbilia, vumbi likitulia tunarudi ndani.

Basi tuanzie hapo. Kampeni ina gharama, na gharama zake nyingi ni halali kabisa. Kutoka Singida mjini mpaka Mgori na kurudi, gari linakunywa mafuta. Mgombea wa Itigi akitaka kuwafikia watu wa Rungwa kule, hiyo ni safari ya siku nzima. Kuna vipeperushi, kuna kukodi spika, kuna mawakala wanaokaa kituoni tangu alfajiri mpaka kura zinahesabiwa usiku, nao ni binadamu, wanahitaji chai na chakula. Kwa hiyo mtu akikwambia siasa isiwe na pesa kabisa, mwambie hajawahi kugombea hata uenyekiti wa kitongoji. Siasa lazima igharimiwe. Tunachotakiwa kujua ni nani anagharimia, na baadaye anadai nini.

Nalirudia, msikilizaji: nani anagharimia, na baadaye anadai nini.

Sasa nikupeleke kwenye ukumbi. Siyo ukumbi wa kampeni kubwa, ni ule wa kura za maoni, ambako wajumbe wa chama wanakaa kuchagua nani apeperushe bendera. Mkoa wetu huu wa Singida, kwa miaka mingi, mahali pengi ukishashinda kura za maoni ndani ya chama tawala umeshafika zaidi ya nusu ya njia. Wanaoijua siasa wanalijua hilo, na pesa yao wanaimwaga hapo.

Usiku wa kuamkia kikao simu hazilali. Wajumbe wanalazwa pamoja nyumba ya wageni "wasisumbuliwe". Anakuja kijana mmoja, mgombea mwenyewe haji, na bahasha mfukoni. Hatamki neno hongo. Anasema, "Mzee kasema mpate nauli." Au anasema ni pesa ya soda. Saa mbili baadaye anakuja kijana wa mgombea wa pili, naye ana nauli. Asubuhi mjumbe mmoja ana nauli ya kwenda na kurudi Mwanza, na yeye katokea kata ya jirani kwa baiskeli.

Unakumbuka Julai 2020? Nchi nzima ilicheka. Chama tawala, Chama Cha Mapinduzi, yaani CCM, kilifanya kura za maoni, watu wakaangushwa, na mitandaoni ukazuka ule msemo, "Wajumbe siyo watu wazuri." Tulicheka sana. Lakini hebu tuutazame ule utani vizuri. Ulichekesha kwa sababu kila mtu alielewa kilichokuwa kikiliwa. Kulikuwa na pesa iliyokwenda na kura isiyorudi. Tuliufanya utani, na katika kuucheka tukaikubali biashara yenyewe kuwa jambo la kawaida.

Na hapa kuna hesabu ambayo napenda uishike. Mwaka 2010 na 2015 chama hicho kilipeleka kura za maoni za ubunge kwa wanachama wote jimboni. Mwaka 2020 kikarudisha kwa wajumbe. Mwaka 2025, kabla ya kura za maoni za tarehe 4 Agosti, kilipanua tena idadi ya wajumbe, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kupunguza rushwa. Mantiki yake unaiona: wapiga kura mia chache unaweza kuwanunua kwa kuuza kiwanja kimoja, maelfu ni shida. Nakubaliana na hatua hiyo. Ila tusidanganyane, mwaka 2010 wanachama wote walipiga kura na bado TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ilikuwa na kazi nyingi mwaka huo. Wingi wa wapiga kura unapandisha bei, wala haufungi soko.

Turudi nyuma kidogo, maana vijana wengi hawajui kwamba kuna wakati sheria yetu yenyewe iliruhusu mambo haya. Ndiyo, iliruhusu. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa, ikawekwa kifungu kilichosema kwamba ukarimu wa kawaida au wa kijadi uliofanywa kwa nia njema hautahesabiwa kuwa ni rushwa. Watu wakauita takrima. Chaguzi za 2000 na 2005 tukazifanya chini ya takrima: pilau, soda, khanga, kofia, pombe ya kienyeji kwa wazee. Ukiuliza, unajibiwa kwamba ni mila zetu Waafrika.

Mila zipi? Mimi hapo ndipo huwa naghadhibika kidogo, mnisamehe. Sisi watu wa Singida tunajulikana kwa kuku. Mgeni akifika Unyaturu au Unyiramba, hata kama mwenyeji hana kitu, kuku atakimbizwa uani. Mwenyeji anamkarimu mgeni. Sasa huyu mgombea aliyetoka mjini, kaja kijijini kwako, ndiye mgeni au mwenyeji? Ni mgeni! Mila gani ya Kiafrika ambayo mgeni anakuja na sufuria lake la pilau, anawalisha wenyeji, halafu anaondoka na ridhaa yao ya miaka mitano? Bibi yangu angemtilia shaka mgeni wa namna hiyo tangu mlangoni.

Mashirika matatu yakaenda mahakamani: Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, LEAT, ambao ni wanasheria wa mazingira, na NOLA, ambao ni wa msaada wa kisheria. Aprili 2006 Mahakama Kuu ikatamka kwamba takrima ni kinyume cha Katiba. Hoja iliyobeba kesi ni rahisi kuielewa: sheria ile ilimtenga mgombea maskini na mgombea tajiri. Mwenye pesa "anakarimu", asiye na pesa anabaki na sera zake mkononi. Na mpiga kura naye ananyimwa nafasi ya kuamua akili yake ikiwa huru.

Baada ya hapo ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, ambayo Rais Kikwete aliisaini Machi 2010. Hiyo inaweka ukomo wa matumizi, inataka vyama na wagombea waeleze pesa zimetoka wapi, na baada ya uchaguzi wapeleke hesabu kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Kwa maandishi, tuko vizuri. Majirani zetu Kenya walitunga sheria ya fedha za kampeni mwaka 2013, wabunge wao wakaahirisha matumizi yake, na mwaka 2021 tume yao ya uchaguzi ilipotangaza viwango vya ukomo, bunge likavikataa. Sisi angalau sheria inafanya kazi. Ila nikuulize wewe unayenisikiliza pale Puma au Shelui: hesabu za mbunge wako za uchaguzi uliopita umewahi kuziona? Diwani wako je? Unajua alichangiwa na nani?

Basi. Hapo ndipo tulipo.

Tufuatilie sasa ile bahasha ya usiku. Nitatoa mfano wa kutunga, mtu asijione ametajwa. Kijana anataka udiwani. Ana duka la pembejeo, mtaji wake mdogo. Wajumbe wanamzunguka, kila mmoja na shida yake. Duka linaanza kukauka. Anatokea mtu wa mjini mwenye kampuni ya ukandarasi, anamwambia, "Mdogo wangu, usihangaike, chukua hii, tutaongea." Hakuna karatasi, hakuna riba, hakuna shahidi. Kijana anashinda, tunapiga vigelegele, anaapishwa.

Mwaka unaofuata halmashauri inataka kuchimba kisima. Siku hizi zabuni za serikali zinapita kwenye mfumo wa kompyuta, NeST, na ni hatua nzuri. Lakini mfumo hauendi shambani kupima urefu wa shimo. Mkandarasi ni yule yule wa "tutaongea". Shimo linachimbwa kina kifupi, pampu inafungwa, linazinduliwa kwa ngoma. Ikifika Septemba maji yanakauka. Wananchi wanamfuata diwani: njoo useme kwenye baraza la madiwani! Diwani anakohoa. Anasema tuwe wavumilivu, mchakato unaendelea. Unadhani haoni? Anaona vizuri sana. Hana mdomo. Mdomo wake uliwekwa rehani kabla hajaapishwa.

Na mama anayebeba ndoo kutoka Septemba mpaka mvua zinapoanza, huyo ndiye anayelipa lile deni, na yeye siku ile ya kikao hakupata hata soda.

Mwalimu Nyerere aliliona hili mapema. Mwaka 1995, wakati watu wanapigania kuingia Ikulu, alizunguka akiuliza swali ambalo wazee wangu mnalikumbuka: mtu anayetumia pesa kwenda Ikulu, pesa hizo kazipata wapi, na kama amekopa, atazirudishaje? Alizungumzia Ikulu, lakini swali linafaa hata kwa uenyekiti wa kijiji.

Miaka ya nyuma nchi hii ilijaribu dawa kali zaidi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na nyumba za kupangisha, asipokee mishahara miwili. Mwaka 1991, kule Zanzibar, masharti hayo yakalegezwa. Wako wanaotamani yarudi kama yalivyokuwa. Mimi simo. Ukimwambia leo mwalimu mstaafu wa Mandewa aliyejenga vyumba vinne vya kupangisha kwamba hafai kuwa diwani, utakuwa umemfungia nje mtu safi, na mjanja ataandikisha nyumba zake kwa jina la shemeji.

Na kwa mkoa wetu huwezi kuzungumza mali na siasa ukaruka jina la Mohammed Dewji. Ni mtoto wa hapa, kazaliwa Singida, mfanyabiashara mkubwa, na alikuwa mbunge wa Singida Mjini kuanzia 2005 mpaka 2015, akaamua mwenyewe kutogombea tena. Sina tuhuma yoyote kwake. Alitoa pesa zake mwenyewe kwenye shughuli za jimbo, na watu wanamshukuru mpaka leo. Ninachokiangalia ni sisi tuliobaki. Baada yake tulianza kumpima kila mbunge kwa mfuko wake. Mtu akitaka ubunge, swali la kwanza kijiweni ni, "Huyu ana nini?" Hatuulizi anajua nini, au atasema nini bungeni bei ya alizeti ikianguka. Tajiri mkarimu anaweza kuwa mbunge mzuri, sikatai. Lakini kijiji kikizoea kwamba zahanati inapauliwa na mfuko wa mbunge, kitasahau kudai zahanati ipauliwe na kodi yake chenyewe.

Tena wapo ambao kipimo hiki kinawatupa nje kabisa. Fikiria mama mmoja, mwalimu, anaheshimika kata nzima, kikundi cha kuweka na kukopa, VICOBA, anaendesha yeye, ugomvi wa mipaka ya mashamba anasuluhisha yeye. Mwambie agombee. Atauza nini? Shamba liko kwa jina la ukoo wa mume. Magunia ya alizeti yakiuzwa, pesa anashika baba. Huyo mama hatashindwa kwenye kura, maana hata fomu hatachukua, na wewe hutajua kamwe kwamba ulimkosa.

Haya, tufanye nini? Wengi mna jibu tayari, nalisikia mpaka humu studio: "Tule kwao, kura tupeleke kwetu." Yaani pokea pesa, kisha umpe unayemtaka. Linachangamsha, lakini lina matatizo mawili. La kwanza, sheria inamkamata anayetoa na anayepokea. La pili ni kubwa zaidi: ukipokea, unapandisha bei ya soko. Uchaguzi unaofuata mgombea anajua kijiji hiki hakiendi bila elfu kumi kumi. Mwenye elfu kumi za watu wote anabaki, na yule uliyetaka kumpa kura kwa siri anakuwa hayupo kwenye karatasi.

Mimi nina pendekezo jingine, nalo nataka ulale nalo. Kama kampeni lazima igharimiwe, tuigharimie sisi.

Usicheke! Sikiliza kwanza. Watu wa mkoa huu tukiwa na harusi, inaundwa kamati. Ina mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Kadi za mchango zinagawiwa, kila jina linaandikwa kwenye daftari, ahadi na kilicholipwa. Vikao kila Jumapili. Mwisho kuna kikao cha kuvunja kamati, mapato na matumizi yanasomwa mpaka bei ya maua ya mezani, na ikipungua elfu tano watu hawatoki. Ujuzi huo tunao wote, msomi na asiyesoma. Harusi ni ya siku moja. Diwani ni wa miaka mitano, na hatujawahi kumkalia kikao hata kimoja cha mchango.

Nchi hii ilianza hivyo. Mwaka 1955, Mwalimu alipokwenda Umoja wa Mataifa kule New York kuisemea Tanganyika, chama chake cha TANU hakikuwa na pesa. Wanachama walichangishana. Matajiri wachache walikuwemo, mzee John Rupia ni mmoja wao, lakini safari ile ilikuwa na wenyewe wengi, na aliporudi alijua anarudi kwa nani.

Hata juzi tumeona. Tundu Lissu, mtoto wa Ikungi, alipokuwa mbunge wa Singida Mashariki aliwaambia wananchi wakatae michango ya lazima, na serikali haikufurahi. Mwaka 2024 huyo huyo akachangiwa gari na watu kwa hiari yao, wengine wakituma pesa ndogo ndogo kwa simu. Mwanzoni mwa 2025 chama chake, CHADEMA, kikaanzisha changizo lililoitwa Tone Tone. Agosti mwaka huo huo CCM ikafanya harambee yake pale Mlimani City, Dar es Salaam, na zikapatikana zaidi ya shilingi bilioni 80, taslimu na ahadi, wafanyabiashara wakubwa wakiwa mstari wa mbele. Simpigii debe mtu hapa. Zote mbili zilifanyika hadharani, na hilo nalisifu, bora hadharani kuliko usiku. Lakini uzito wake hauko sawa. Aliyetuma elfu mbili kwa simu hawezi kumpigia waziri kuulizia kodi. Aliyetoa bilioni anaweza, na simu yake itapokelewa.

Basi kwa kata moja inawezekana. Watu mia tatu, kila mmoja elfu tano, mwenye shida atoe elfu moja au kuku. Hiyo inatosha mafuta ya pikipiki, spika ya kukodi na chai ya mawakala kwa mgombea udiwani anayejiheshimu. Kadi, daftari, risiti, na yote yapite kwa chama kama sheria inavyotaka. Kila chama kifanye kwa wagombea wake. Uchaguzi ukiisha, kikao cha kuvunja kamati, na zile hesabu zinazopelekwa kwa Msajili, nakala ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kata. Kijiji husoma mapato na matumizi kwenye mkutano mkuu wake. Kwa nini ya mgombea yawe siri?

Itakuwa rahisi? Hapana. Uchaguzi wetu mkuu unaangukia Oktoba, ule wa serikali za mitaa mara ya mwisho ulikuwa Novemba 2024. Huo ni wakati ambao alizeti imeshauzwa, pesa imeshaisha, na watu wanatafuta mbegu. Elfu kumi ya Novemba siyo elfu kumi ya Julai, na wenye bahasha wanaijua kalenda yetu vizuri. Kwa hiyo kamati ikikaa, ikae mwezi wa saba, magunia yakiwa bado uani. Ukishafika Oktoba na huna kitu, utakuwa unamwomba mtu mwenye njaa akatae chakula.

Wakati huo huo, ukiona bahasha, namba ya TAKUKURU ni 113, unapiga bure. Na siku mgombea yeyote akija kwenye baraza lenu, kabla hajaanza habari ya barabara na maji, mzee mmoja asimame amuulize kwa heshima zote: "Mwanangu, mafuta ya gari hili kalipa nani?" Mwacheni ajibu. Msimpigie makofi mpaka amalize.

Muda wangu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutautazama Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ule ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009: pesa ni za serikali, mwenyekiti wa kamati ni mbunge, na mabati yakifika mnaambiwa ni zawadi. Kama kijijini kwenu kuna jengo la mfuko huo, tuandikieni mtueleze mliambiwa limejengwa na nani.